Kulea Mwanagenzi wa Kazi: Stadi ya Lazima kwa Kiongozi wa Kikosi

Chukulia chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho. Katibu wake amekitumikia kwa miaka kumi na tisa. Anawafahamu wanachama mpaka kwa majina ya baba zao. Anajua ni gunia lipi litakaloleta maneno ghalani kabla halijapakiwa. Anajua ni ukurasa upi wa leja wenye deni la zamani la pembejeo ambalo halikuandikwa sawasawa. Msimu unapopamba moto, maradhi yanamlaza. Fedha za mnada zimekwisha kuingia katika akaunti ya chama, lakini orodha ya malipo haikamiliki, kwa sababu makarani wawili waliobaki hawajui namna ya kulinganisha stakabadhi za wakulima na hati za ghala kuu. Siku nne zapita, kisha wiki nzima. Wakulima wenye karo za watoto za kulipa wanakaa chini ya mwembe mbele ya ofisi wakisubiri. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Hata hivyo, minong'ono ya wizi imekwisha kuanza.

Chama hicho ni cha mfano tu, lakini yeyote aliyewahi kupitia vitabu vya vyama vya msingi atakitambua mara moja. Vitabu vyake vilikuwa safi na katibu wake alikuwa mwaminifu. Kasoro ilikuwa moja: ujuzi wote wa chama ulikaa katika kichwa cha mtu mmoja, wala mtu huyo hakupata kumlea mwingine. Makala haya yanaeleza stadi ambayo ingekiokoa chama hicho, yaani stadi ya kulea wanagenzi wa kazi, na namna ambavyo kiongozi wa kikosi chochote cha ushirika anaweza kujifunza na kuitumia.

ULEZI WA KAZI NI NINI?

Neno mwanagenzi si geni. Fundi seremala, mshona kofia na muunda jahazi, wote walikuwa wanagenzi kabla ya kuitwa mafundi. Mwanagenzi alikaa karibu na fundi, akashika kamba, akashika randa, akakosea, akaonywa, mpaka siku moja akaachiwa kazi nzima. Ndiyo maana wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mlezi wa kazi, basi, ni mtu mwenye ujuzi anayemsaidia mwingine kukua katika kazi hiyo hiyo, kwa makusudi na kwa mpango, mpaka aweze kuifanya na kuiamua peke yake.

Yafaa kumtofautisha mlezi na watu wengine wawili. Mwalimu wa semina hufundisha watu wengi jambo moja kwa siku chache, kisha huondoka. Msimamizi huangalia kama kazi ya leo imefanyika. Mlezi hufanya zaidi ya hayo: humtazama mtu mmoja kwa muda mrefu, na hujiuliza mtu huyo ataweza kufanya nini msimu ujao ambacho msimu huu hawezi. Kiongozi mmoja aweza kuwa msimamizi na mlezi kwa pamoja, lakini hana budi kujua kila saa ni kofia ipi aliyoivaa. Akiwa msimamizi, hutoa agizo. Akiwa mlezi, mara nyingi huuliza swali.

Ushirika una sababu yake ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Waasisi wa duka la Rochdale nchini Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844, walitambua mapema kwamba chama hakiwezi kudumu bila elimu ya wanachama na watendaji wake. Tamko la Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika la mwaka 1995 limeweka elimu, mafunzo na habari kuwa msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika. Katika Tanzania historia imetoa onyo lake pia. Vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Majengo yaweza kurudishwa kwa sheria; mazoea ya kazi yaliyokatika hayarudi kwa sheria. Hurudi kwa mtu kumfundisha mtu.

STADI HII ILIVYOKUZWA MAHALI PENGINE

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba kulea mwenzako kazini ni karama tu: wengine wamejaliwa, wengine hawakujaliwa. Vita viwili vikuu vya dunia viliondoa dhana hiyo. Wakati wa vita vya kwanza viwanda vya meli vya Marekani vilihitaji mafundi maelfu kwa haraka, na Charles Allen, aliyeshughulika na mafunzo hayo, alieleza mwaka 1919 kwamba kazi yoyote yaweza kufundishwa kwa hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwachia aifanye, na kumpima. Katika vita vya pili serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa mafunzo viwandani mwaka 1940, ukaendelea hadi 1945. Hatua nne zile zikafundishwa kwa wanyapara na viongozi wa vikosi zaidi ya milioni moja na nusu. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na kampuni ya magari ya Toyota ni miongoni mwa zilizouchukua na kuufanya sehemu ya kazi ya kila siku.

Miaka mingi baadaye watengenezaji wa programu za kompyuta nao waligundua jambo lililofanana na hilo. Mwezi Februari 2001 watu 17 wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi juu ya kufanya kazi kwa wepesi. Walikubaliana, pamoja na mambo mengine, kuwathamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana. Mtindo huo umeenea duniani. Kikosi huwa kidogo; kazi hukatwa vipande vya wiki chache; watu hukutana kila siku kwa dakika zisizozidi 15; na kila kipande kikiisha, kikosi hukaa na kujiuliza ni lipi lililokwenda vizuri na ni lipi la kurekebisha. Katika kikosi cha namna hiyo kiongozi hawezi kungoja kila swali lije mezani kwake. Kazi yake kubwa ni kuwakuza walio pamoja naye ili waweze kuamua wenyewe. Kwa sababu hiyo ulezi unahesabiwa huko kuwa sehemu ya ujuzi wa kiongozi, kama vile kupiga hesabu ni sehemu ya ujuzi wa mhasibu.

Kikosi cha ununuzi cha chama cha msingi hakiko mbali na mfano huo. Nacho ni kidogo: karani wa mizani, mpima ubora, mwandishi wa stakabadhi na mtunza ghala. Nacho hufanya kazi kwa vipindi vifupi, kwa kuwa mnada hufuata mnada. Nacho hukutana na mambo ambayo hayakuandikwa katika mwongozo wowote. Kinachokosekana aghalabu ni kiongozi anayejua kulea.

HATUA NNE ZA KUKABIDHI KAZI

Ulezi mzuri huenda kwa ngazi, wala hauruki ngazi. Ngazi zenyewe ni nne. Kwanza, mlezi anafanya kazi na mwanagenzi anaangalia. Pili, wanafanya pamoja. Tatu, mwanagenzi anafanya na mlezi anaangalia. Nne, mwanagenzi anafanya peke yake, na mlezi anakagua baadaye.

Katika ngazi ya kwanza kosa kubwa la walezi ni kufanya kazi kwa kasi yao ya kila siku, kisha kusema, "Umeona?" Mwanagenzi hujibu kwamba ameona, kwa kuwa anaona haya kukataa. Mlezi mwenye stadi huikata kazi vipande, na kwa kila kipande hueleza mambo matatu: nini kifanyike, jambo gani liangaliwe, na kwa sababu gani. Kwa mfano, katika upimaji wa uzito:

Mizani iwekwe mahali pa sawa. La kuangalia: isicheze. Sababu: mizani inayoyumba humwibia mkulima au chama.

Mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha ijaribiwe kwa jiwe la uzito unaojulikana. La kuangalia: ijaribiwe asubuhi na tena baada ya kuhamishwa. Sababu: mizani ya kidijitali nayo hukosea, na tarakimu zake zinazong'aa huwafanya watu waiamini kupita kiasi.

Uzito usomwe kwa sauti. La kuangalia: mwenye mazao asikie. Sababu: mkulima ndiye mkaguzi wa kwanza wa chama chake.

Uzito uandikwe kabla ya gunia kushushwa. La kuangalia: uzito wa gunia tupu uondolewe kwa kanuni moja kwa watu wote. Sababu: kumbukumbu ya karani aliyekwisha pima magunia mia si ya kutegemewa.

Sababu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Anayejua kitendo bila sababu ataweza kufanya lililokwisha tokea tu. Anayejua sababu ataweza kukabili jambo jipya siku ambayo mlezi hayupo.

Katika ngazi ya pili na ya tatu huingia mambo ambayo hayafundishiki darasani. Msomaji na amfikirie karani kijana anayepima ubora katika kijiji alichozaliwa. Anakuja mjomba wake, mtu wa heshima, na magunia sita ya korosho ambazo hazikukauka. Akizipokea, ghala kuu litazikataa au zitanyauka, na upungufu wa uzito utabebwa na wanachama wote. Akizikataa kwa ukali, atakuwa amemvunjia mkubwa heshima mbele ya watu. Hapo mwongozo wa ubora unasaidia nusu tu. Nusu ya pili kijana ataipata kwa kumsikia mlezi wake akisema kwa sauti ya chini: "Shikamoo, mjomba. Korosho zako ni kubwa na safi, ila kipimo kinaonyesha unyevu bado. Tukizipeleka leo zitarudishwa, nawe utalipa gari mara mbili. Turubai la chama hili hapa, zianike siku mbili, kisha nitazipima mwenyewe mbele yako." Kijana akisikia maneno hayo mara moja, atayashika. Akiyasema mwenyewe mara ya pili, mlezi akiwa amesimama kando tu, yatakuwa maneno yake.

KUULIZA KABLA YA KUJIBU

Kati ya vipawa vyote vya mlezi, kilicho kigumu zaidi ni kunyamaza. Mtu anayejua jibu huumia kumtazama mwenzake akilitafuta. Hata hivyo, jibu linalotolewa upesi huokoa dakika za leo na kupoteza siku za kesho. Mfano ufuatao waonyesha jambo hilo.

Karani mwanamke, kijana, amefunga hesabu za siku. Jumla ya stakabadhi walizopewa wakulima ni kilo 6,412. Jumla ya daftari la mizani ni kilo 6,340. Anakwenda kwa katibu.

"Mzee, hesabu za leo zimekataa. Stakabadhi zimezidi kwa kilo 72."

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimejumlisha mara tatu. Jumla ni ile ile."

"Basi kosa haliko katika kujumlisha. Hebu andika 52, kisha ugeuze tarakimu zake, utoe."

"52 kutoa 25 ni 27."

"Fanya hivyo kwa 61. Kisha kwa 43."

"61 kutoa 16 ni 45. 43 kutoa 34 ni 9."

"Sasa zitazame tofauti hizo, mwanangu, uniambie zina udugu gani."

Karani anazitazama. Zote zagawanyika kwa tisa. Na 72 nayo yagawanyika kwa tisa: mara nane. Katibu hasemi neno. Karani anarudi mezani, na badala ya kupekua stakabadhi zote upya, anatafuta zile tu ambazo tarakimu zake mbili za mwisho zimepishana kwa nane, yaani zinazoishia na 91 au 80. Anaipata: daftari la mizani linasema kilo 119, na stakabadhi imeandikwa kilo 191. Tarakimu mbili zimegeuzwa na mkono uliochoka.

Ikiwa bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, kosa hilo lingekuwa la shilingi 216,000. Mkulima mmoja angelipwa fedha ambazo mnada haukuzileta, na wa mwisho katika orodha angekuta mfuko mtupu. Katibu angeweza kuliona kosa hilo kwa dakika mbili. Karani alitumia dakika ishirini. Lakini tangu siku hiyo chama kilikuwa na watu wawili wanaojua kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa humwelekeza mtu kwanza kwenye tarakimu zilizogeuzwa. Ndiyo faida ya dakika zile kumi na nane.

Maswali ya mlezi si mengi. Umeona nini? Umejaribu nini? Unadhani sababu ni ipi? Ukifanya hivyo, ni lipi linaloweza kwenda kombo, na nani ataumia? Mlezi anayeyazoea maswali hayo manne atashangaa ni mara ngapi mwanagenzi ameondoka na jibu lake mwenyewe.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Kosa la mwanagenzi ni mali ya mafunzo, mradi litokee mapema na liwe dogo. Kwa hiyo mlezi humpa mwanagenzi kazi ambayo akiikosea yaweza kurekebishwa: kufunga daftari la siku moja kabla ya kufunga la mwezi, kuandaa orodha ya malipo ya kituo kimoja kabla ya kuandaa ya chama kizima.

Kusahihisha kuna adabu zake. Kosa la mtu lisemwe faraghani, siku hiyo hiyo, na kwa jina lake halisi. Kumwambia karani kwamba "siku hizi umekuwa mzembe" hakumfundishi kitu. Kumwambia kwamba "stakabadhi tatu za leo hazina saini ya mkulima" kunamfundisha. Pale tu ambapo kosa linamdhuru mkulima papo hapo, kama vile mizani isiyorudi kwenye sifuri, mlezi atasimamisha kazi hadharani. Hata hapo atasema, "Ngojeni kidogo, tuijaribu mizani upya," wala hatasema nani amekosea. Na jema nalo lisemwe. Wako viongozi wanaodhani kwamba sifa humharibu kijana. Sifa ya uongo humharibu. Sifa ya kweli, inayotaja kitendo chenyewe, humwonyesha la kurudia.

Mwisho wa kila mnada kikosi kikae nusu saa. Ajenda ni tatu tu: lililokwenda vizuri, lililokwenda vibaya, na jambo moja la kubadilisha kabla ya mnada unaofuata. Jambo hilo moja liandikwe katika daftari pamoja na jina la atakayelishughulikia, na kikao kinachofuata kianze nalo. Kiongozi azungumze mwisho. Akizungumza kwanza, wengine watarudia maneno yake.

MIPAKA AMBAYO MLEZI HAIVUKI

Ulezi si ruhusa ya kuvunja taratibu za udhibiti. Hapa ndipo nia njema imekwisha kuviponza vyama vingi, hivyo hapana budi mambo manne yasisitizwe.

La kwanza, anayepokea fedha au mazao asiwe ndiye anayeandika na kuidhinisha. Mwanagenzi afundishwe kazi zote hizo, lakini kwa nyakati tofauti, asizishike pamoja. La pili, neno la siri la mfumo wa kompyuta au la akaunti ya benki haliazimwi hata kwa saa moja. Mwanagenzi anayehitaji kuingia katika mfumo apewe ruhusa yake mwenyewe, yenye mipaka yake, ili kila kitendo kijulikane ni cha nani. La tatu, hundi au hati tupu isitiwe saini mapema "ili kijana aendelee na kazi". Kazi ingoje mwenye saini. La nne, kulea si kupendelea. Mwanagenzi achaguliwe na Bodi kwa vigezo vilivyotangazwa, si kwa kuwa ni mtoto wa dada yake katibu. Mtu aliyelelewa kwa upendeleo hurithi kiti tu. Imani ya wanachama hairithi.

Tena, mwanagenzi naye ana siri zake. Akimweleza mlezi kwamba anaogopa kusimama mbele ya mkutano mkuu, neno hilo lisiwe kicheko cha ofisi kesho yake. Lakini siri hiyo ina mwisho: wizi, rushwa na udanganyifu wa mizani si mambo ya kufichiana. Mlezi na aliseme hilo siku ya kwanza, ili lisimshangaze mtu siku ya mwisho.

HOFU YA KIONGOZI NA WAJIBU WA BODI

Hapana budi kulisema jambo ambalo viongozi wengi hulifikiri na wachache hulitamka. Katibu wa miaka kumi na tisa hujiuliza: kijana huyu akiyajua yote ninayoyajua, mimi nitabaki na nini? Hofu hiyo si uovu. Mtu mwenye mkataba mfupi na mshahara mdogo huona kwamba ujuzi wake ndio ngao yake pekee. Kumhubiria kuhusu moyo wa kujitolea, bila kuiondoa sababu ya hofu, ni kumwaga maji juu ya jani la mgomba.

Wa kuiondoa hofu hiyo ni Bodi. Kwanza, Bodi iandike ulezi katika orodha ya majukumu ya katibu na meneja, na iupime kama inavyopima mambo mengine. Pili, mwanagenzi anapofanya vizuri, taarifa ya Bodi imtaje aliyemlea. Tatu, mlezi aachiwe muda. Kiongozi anayetakiwa kulea huku kazi zake zote zikibaki pale pale atalea kwa jina tu. Nne, Bodi imhakikishie mjuzi wa zamani kwamba mahali pake panapanda juu, hapafutwi: akabidhi daftari la kila siku ili ashughulikie mambo makubwa, kama vile mipango ya pembejeo, mazungumzo na wasafirishaji, na elimu ya wanachama.

Yafaa pia mlezi na mwanagenzi wakubaliane tangu mwanzo juu ya mwisho. Ulezi usio na kikomo hugeuka utumwa wa pande mbili: mmoja hachoki kuuliza, mwingine hachoki kuulizwa. Msimu mmoja hutosha kwa kazi ya mizani na stakabadhi. Misimu miwili huenda ikahitajika kwa hesabu na malipo. Muda ukiisha, mlezi arudi nyuma hatua moja, na uhusiano uwe wa wenzi wa kazi.

JARIBIO LA SIKU MBILI

Chama kitajuaje kwamba ulezi wake umefanikiwa? Kipo kipimo rahisi kisichogharimu kitu. Msimu ukiwa haujaanza, Bodi imwombe katibu asifike ofisini kwa siku mbili, naye asipokee simu za kazi. Makarani wapewe kazi halisi ya kufanya: kwa mfano, kuandaa orodha ya malipo kutokana na stakabadhi za mnada mmoja wa msimu uliopita, kisha waifananishe na ile iliyolipwa. Kila wanapokwama waandike swali katika karatasi. Siku ya tatu katibu arudi, na karatasi hiyo isomwe mbele ya wote.

Karatasi hiyo isitumiwe kumhukumu mtu. Hiyo ndiyo ramani ya ulezi wa msimu unaokuja. Swali lililoandikwa mara tano ndilo somo la kwanza. Na ikiwa karatasi ina maswali thelathini, chama kishukuru kwamba kimeyaona mapema, na si katika wiki ile ambayo wakulima wamekaa chini ya mwembe.

Kiongozi wa ushirika hupimwa kwa mengi: tani zilizouzwa, bei iliyopatikana, vitabu vilivyokaguliwa bila dosari. Hayo yote huonekana akiwa kazini. Kipimo kimoja huonekana akiwa hayupo, nacho ni hiki: je, mizani inasoma sawa, stakabadhi zinaandikwa sawa, na mkulima analipwa kwa siku aliyoahidiwa? Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Chama nacho ni hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKAO

1. Je, ni kazi zipi katika chama chenu zinazojulikana na mtu mmoja tu? Ziorodheshwe.

2. Kwa kila kazi iliyoorodheshwa, nani ataijifunza, nani atamlea, na hadi mwezi gani?

3. Je, majukumu ya katibu au meneja wenu yanataja ulezi wa wafanyakazi? Kama hayataji, Bodi itafanya nini?

4. Ni mara ngapi kikosi chenu cha ununuzi kilikaa kujitathmini msimu uliopita? Ni jambo gani moja lililobadilika kutokana na kikao hicho?

5. Jaribio la siku mbili litafanywa lini katika chama chenu, na nani ataitunza karatasi ya maswali?